Gari Linalomnusa Panya

Sikiliza nikuambie kitu. Katika mji mzima wa Morogoro, kuanzia Kihonda mpaka Bigwa, hajazaliwa panya wa kumkamata Chanzi. Panya wa dari hawezi. Panya buku hawezi. Hata panya wa serikali, mwenye kifulana cha bluu, kitambulisho na mshahara wa ndizi, naye hawezi. Mimi ndiye niliyelifundisha gari kumnusa panya kabla panya hajalinusa gari. Shuleni walikuwa wananicheka eti nina pua kubwa kuliko akili. Waje sasa waone pua imenifikisha wapi.

Siku ya majaribio nililitoa Pongo jipya katikati ya uwanja wa kiwanda. Pongo ndilo gari letu: pikapu fupi, kifua mbele, taa kama macho ya mtu aliyekopwa.

"Washa," nikamwambia fundi.

Likawaka. Kama hujawahi kusikia injini ya mafuta ya mwani ikiwaka, mfikirie fahali aliyemwagiwa maji ya baridi akiwa usingizini. Moshi wa bluu ukatoka nyuma, mzito, na harufu ya samaki aliyesahauliwa juani. Ndio moshi unaolala juu ya mji wetu kila asubuhi, kwa sababu milima ya Uluguru imetukumbatia na haitaki kutuachia. Injinia Kokusima, bosi wetu, akajiziba pua kwa mtandio wake wa hariri.

"Chanzi, umeniita huku nije nikohoe?"

"Subiri kidogo, bosi."

Nikatoa ndizi mfukoni. Kisukari, imeiva mpaka ina madoadoa. Nikaimenya taratibu karibu na kibao cha namba cha nyuma, kama mtu anayemvizia mbuzi.

Injini ikashusha sauti. Si kuzima, hapana, ilinyenyekea. Ngurumo ikawa mnong'ono, moshi wa bluu ukawa mvuke mweupe, na mvuke wenyewe ukakata. Ungeweza kuanika nguo za kichanga nyuma ya lile gari.

"Limevaa kanzu," nikasema.

Kokusima alishusha mtandio. Alilizunguka gari mara mbili. Kisha akaondoka na ile ndizi hadi upande wa pili wa uwanja, akaila yote, akatupa ganda kwenye pipa lenye kifuniko. Punde Pongo likaanza kunguruma tena na kutema bluu.

"Na sasa limevua," nikasema. "Linakwenda kazini."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Na sababu ya kucheka alikuwa nayo. Chini ya Sheria ya Pumzi, kila gari lazima lipelekwe kituoni linuswe na panya buku. Zamani walitumia mashine, lakini mashine ilikuwa inasema vile anavyotaka yule mwenye bisibisi. Panya hana bisibisi. Hapokei simu kutoka juu. Amefundishwa tangu utotoni: moshi ukiwa na sumu anakwaruza mara tatu, na kola iliyo shingoni mwake inasema kwa sauti, "Chafu." Moshi ukiwa mzuri anakaa kitako, kola inasema, "Safi." Sheria imekwenda mbali zaidi, imeandika kwamba neno la panya wa kituo ni ushahidi mahakamani kama neno lako wewe na mimi. Na kila akimaliza kunusa analipwa kipande cha ndizi mbivu. Kwa hiyo kila afisa wa kupima, popote alipo, ananuka ndizi mbivu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nyuma ya kibao cha namba cha kila Pongo nilipachika kijipua, kidude kidogo kama punje ya dengu. Kikisikia ndizi mbivu kinaibana injini pumzi na kuuzungusha moshi wote kwenye chujio. Nguvu za gari zinashuka chini ya nusu, lakini gari limesimama kituoni, nguvu za nini?

"Ndizi!" Kokusima alifuta machozi. "Akili hii umeitoa wapi?"

"Bosi, mimi mtoto wa hapa. Nimelelewa na ndizi."

Usinitazame hivyo. Mwanzoni nilipeleka chujio la kweli, la kufanya kazi saa zote. Nililichora, nikalijenga, nikaliweka mezani kwake. Akaliangalia kama mtu aliyeletewa ugali bila mboga. "Gari litapanda mlima?" Nikasema litapanda, tukipewa muda wa kulikuzia injini. "Muda hatuna. Wenye sheria wanataka gari lenye nguvu za trekta na pumzi ya mtoto mchanga, na wanalitaka mwezi huu. Wao wanaandika sheria wamekaa kwenye kiyoyozi. Mlima hawaupandi." Basi. Chujio langu likawekwa stoo, juu yake zikawekwa ndoo za rangi. Mtu ukimnyima mlango, usishangae akipita dirishani.

* * *

Miezi michache baadaye, Pongo zikiwa zimeshauzwa, mama mdogo Semeni alinikuta getini mchana, watu wakienda kula. Huyu ndiye aliyenilea. Ni mdogo wa marehemu mama yangu, na ndiye mwanamke wa kwanza kule Kinole, kijijini kwetu milimani, kushika usukani wa gari la mizigo. Nilimsaidia kulipata Pongo lake. Nilimwambia kwa mdomo wangu, mama mdogo, hili chukua, hili nimelitengeneza mimi. Siku ile mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Usinishike huo, ndio mbovu."

"Umefanya nini?"

"Mimi? Uliza gari lako limefanya nini." Akakaa kwenye jiwe la mlinzi bila kuombwa. "Nimepakia vizuri, nimeshuka vizuri. Nafika ule mlima wa pili, kabla ya Mkuyuni, nakanyaga mafuta. Kimya. Nakanyaga tena. Gari linakwenda kwa adabu, Chanzi, taratibu, kama bi harusi anaingia ukumbini. Halafu likasimama. Halafu likaanza kurudi nyuma."

"Breki?"

"Nimeshika breki mpaka mguu umekufa ganzi. Mzigo ukanivuta. Limeteremka mpaka kwenye ukuta wa zahanati, ukuta ukaenda wote. Unajua pale nje ya ukuta pana nini?"

Nilikuwa napajua. Kuna benchi refu la saruji ambako kina mama hukaa na watoto wakisubiri.

"Walikuwa wametoka kuitwa ndani kupima uzito," akasema. "Muda huohuo. Kiatu kimoja cha mtoto kilibaki pale, nikadhani..." Alitazama magari yetu mapya yaliyopangwa uani, yameng'aa kama meno.

Nikamuuliza, na nakuapia swali lilitoka lenyewe kabla sijalishika: "Ulibeba ndizi tu?"

"Nibebe nini, nondo? Ndizi. Kisukari, zimeiva, zilikuwa za harusi kesho yake."

Nikajiona nilivyo mpumbavu wa daraja la juu. Mtoto wa Kinole, nimelala utotoni juu ya mikungu, nimekula ndizi mpaka nikaota ndizi, halafu nikafundisha magari ya mji wa ndizi kunyong'onyea yakisikia ndizi! Yule bosi wa watu si wa hapa, alikuja na basi, alijuaje? Lakini mimi? Barabara nzima ya Kinole, asubuhi za siku za soko, ni harufu hiyohiyo kutoka juu mpaka chini.

"Wanasema nimezembea," mama mdogo aliendelea. "Leseni wamechukua. Gari wamelifungia kituoni Msamvu. Ijumaa linanuswa na kukaguliwa, na wakisema gari ni zima, basi mbovu ni mimi, sishiki usukani tena mpaka naingia kaburini. Mimi nimepanda mlima ule wewe hujaota meno. Serikali na mapanya yao, miaka yote nawacheka, leo ndio nakwenda kuwapigia magoti." Akaniangalia. "Lile gari lina kitu, mwanangu. Sijui ni nini, ila lina kitu. Wewe ndiye mtu wa magari. Njoo useme."

"Nitakuja, mama mdogo."

"Useme kweli."

"Nitakuja."

Aliondoka kwa mguu, mkono mmoja umebeba mwingine.

Sikumaliza kula. Kokusima akaniita ofisini, habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu, maana mabosi nao wana vijipua vyao.

"Ijumaa utakwenda Msamvu kwa niaba ya kampuni," akasema. "Utasema gari ni zima. Panya atanusa, atakaa kitako, utarudi kazini."

"Bosi, tuliondoe lile dude. Magari yote tuyaite yarudi, tuseme tunabadilisha kibao cha namba. Kule milimani wanapakia ndizi. Kuna benchi la—"

"Nimesikia habari za benchi. Hakuna aliyekufa."

"Yule dereva ni mama yangu mdogo."

"Najua. Ndiyo maana nakutuma wewe." Hakupandisha sauti. "Akienda mtu mwingine, mama yako mdogo atabisha. Wewe atakuamini."

Yeye akasogea dirishani, akanionyesha uani. Wafanyakazi walikuwa wanakula maharage chini ya kibanda cha bati, wanacheka, mmoja anamwigiza mwenzake anavyotembea.

"Kile kijipua kikijulikana, geti hili linafungwa. Si mimi nitakayeumia, mimi nitapata kazi kwingine. Ni wale. Nusu yao mmesoma darasa moja. Nenda ukawaambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba umewafungia kiwanda ili mama yako mdogo arudishiwe leseni."

Nilitoka pale nimekasirika na kila mtu. Na yeye, na sheria, na mwani, na milima isiyosogea upepo upite. Hata na mama mdogo nilikasirika, kwani lazima ndizi? Hakuna viazi Kinole? Lakini unanijua: kichwa changu hakikubali kushindwa. Kufika nyumbani nilikuwa nimeshapata njia ya katikati. Nitasema gari ni zima, kiwanda kibaki. Kisha nitamwombea mama mdogo apewe onyo tu, mwanamke mzima, hana rekodi mbaya. Leseni ataipata, nami nitakiondoa kijipua chake kimyakimya akishalichukua gari. Kila mtu amekula, hakuna aliyelala njaa. Safi kabisa.

Na kwa usalama zaidi nikachukua kichupa cha arki ya ndizi, ile ya kutilia keki, nikakitia mfuko wa shati. Huwezi jua. Afisa anaweza kuja ameshaila ndizi yake.

* * *

Ijumaa asubuhi uwanja wa kituo ulikuwa umejaa. Ilikuwa siku ya kunusa, na foleni ya magari ilianzia kwenye banda la kupimia mpaka nje ya geti, mengi yao Pongo, yote yakinguruma kwa sababu sheria inataka injini iwe moto. Katikati ya Pongo hayo kulikuwa na lori moja la zamani la kampuni nyingine, linatetemeka kama lina homa. Bluu ilikuwa imetanda. Watu walikuwa wanazungumza kwa kukohoa.

Pongo la mama mdogo liliwekwa peke yake chini ya banda, kona ya nyuma imebonyea, ubavuni bado kuna vumbi la ule ukuta. Yeye alisimama kando yake, amevaa khanga mpya. Aliponiona nimefika na shati jeupe lenye nembo ya kampuni kifuani, alitabasamu. Hilo tabasamu nisingelitaka.

Afisa Lugendo ni mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, anamsemesha panya wake kuliko anavyowasemesha watu. Panya mwenyewe alikuwa kwenye kikapu begani kwake: Kidawa, panya buku wa kijivu, mkubwa kama paka mchanga, mwenye kifulana kilichombana tumboni.

"Bi Kidawa, amka, tumepata wageni," Lugendo akasema. Kisha akanigeukia. "Mtaalamu wa kampuni ni wewe? Anza."

Nikasafisha koo. "Gari nimelipitia kwenye kumbukumbu zetu. Ni zima. Mlima ule ni mkali. Dereva, pengine kwa uchovu, alichelewa kubadili gia."

Nilisema nikiitazama tairi.

"Nilichelewa kubadili gia?" Sauti ya mama mdogo ilikuwa ndogo. Haikuwa ya kunigombeza. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayejaribu kukumbuka.

"Inatokea kwa yeyote, mama mdogo. Afisa, ni mtu mzima, tunaomba apewe onyo tu, leseni—"

"Bwana mdogo, hayo ya huruma baadaye," Lugendo akakata. "Tumsikie Kidawa kwanza. Kama moshi wa gari hili ni safi, injini haina shida, na mama amezembea. Kama ni mchafu, basi kampuni yako ina la kunieleza. Washa!"

Likawashwa. Likanguruma. Bluu ikatoka kwa vishindo. Mimi nimetulia, mikono nyuma, nasubiri ndizi. Lugendo akaingiza mkono mfukoni, akatoa karanga.

Nikasubiri tena. Akamenya karanga.

"Na ndizi?" nikauliza, kama punguani.

"Ndizi ya nini?"

"Ya... ya panya."

"Ah, huyu?" Akampapasa Kidawa kichwani. "Daktari wa mifugo kamkataza sukari. Kanenepa, huoni fulana? Wiki nzima ni karanga, na ananichukia kweli, usiku ananing'atia shuka. Sivyo, bibi?"

Pongo linanguruma. Kidawa anateremshwa chini. Bomba la moshi liko hatua chache kutoka kwenye pua yake. Sikuwa na muda wa kufikiri, na labda ndiyo tabu yangu ya maisha, nikikosa muda wa kufikiri ndipo najiona mjanja.

"Samahani, afisa, nihakikishe bomba halijalegea." Nikapiga magoti nyuma ya gari. Moshi ukanipiga kifuani, nembo yote ikawa masizi. Nikafungua kichupa mfukoni kwa kidole gumba, nikachovya kidole, nikapaka nyuma ya kibao cha namba.

Gari likavaa kanzu.

"Lilikuwa baridi tu," nikasema, nikainuka, nikajifuta goti. "Sasa limepata moto. Mwache Bi Kidawa anuse."

Lakini Bi Kidawa alikuwa hatazami bomba. Alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, masharubu yanatetemeka, pua imeelekea kwangu. Wiki nzima ya karanga, rafiki yangu. Alikuja mbio kama ananidai. Akapanda suruali, akapita mkanda, mimi naruka, nacheza ngoma ambayo haijapata jina, nasema "toa, mtoe, mtoeni!" na watu wanacheka. Akatia kichwa mfukoni. Kichupa kikateleza, kikaanguka kwenye saruji, kikapasuka.

Harufu ikapanda. Ndizi mbivu, tamu, nzito, kama ghala zima la Kinole limefunguliwa milango.

Pongo la kwanza kwenye foleni likashusha sauti. La pili. La tatu. Yakafuata yale ya katikati, yakafuata yale ya getini, moja baada ya jingine, kama safu ya waumini inayorukuu. Moshi ukakata. Hewa ikaanza kuonekana. Kituoni pakawa kimya, isipokuwa lile lori bovu la kampuni nyingine, lililoendelea kutetemeka na kufuka peke yake, halijui kama kuna siri.

Madereva wakatoka kwenye magari yao. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Aisee."

Mama mdogo akasogea. Akainama, akagusa saruji kwa kidole cha mkono mzima, akanusa.

"Kisukari," akasema.

Akalitazama gari lake. Akaitazama foleni mpaka getini. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikaitafuta tairi tena, lakini safari hii haikunisaidia.

"Siku ile pale getini," akasema polepole, "kabla hujanipa pole ya mkono, uliniuliza kama nilibeba ndizi tu."

"Mama mdogo, mimi—"

"Ulikuwa unajua, Chanzi."

Siku zote nina neno. Hata msibani huwa nina neno. Safari hii nikahangaika kumbandua panya kwenye shati.

Lugendo alikuwa ameshusha karanga zake. Kidawa bado alikuwa kifuani pangu, ameshikilia shati kwa kucha, ameikosa ndizi yake. Akainusa nembo ya kampuni, pale masizi yalipotulia. Akafanya kazi aliyofundishwa tangu utotoni. Akakwaruza mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

"Chafu," kola ikasema.